Radhi ya Rejareja

Msambweni,
8 Aprili 2025

Kwa mdogo wangu Hafswa,

Assalaam alaykum. Hujambo? Najua hupendi kuulizwa, lakini dada mkubwa asipokuuliza atakuuliza nani. Sisi huku hatujambo. Mama analalamikia miguu yake, Muhsina wangu amerefuka mpaka amenipita, na mimi kichwa changu ni kile kile cha kila siku, nakifunga kitambaa naendelea.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu umeifungia, na ya mama huwekwa spika hata akiongea na mchota maji, mtaa mzima ukasikia. Barua hii anakuletea Sanga, yule dereva anayeshusha mbuzi wa Taru huku kwetu. Atakuwa akipanda na kushuka mpaka Idi ya kuchinja, kwa hivyo usije ukasema hukupata wa kumpa majibu.

Habari yenyewe ni ya furaha. Baba Muhsina amepata nafasi ya Hija mwaka huu. Ameingoja tangu tulipofungua duka la jumla, na sasa Mungu ameitika. Dua ya kumuaga itasomwa hapa nyumbani Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei, na siku chache baadaye atapanda ndege.

Wajua mtu haendi Makka na haki za watu mgongoni. Amezunguka kote kuomba radhi, kuanzia Galu mpaka Vanga. Hata yule mzee wa Bodo waliyegombania naye mpaka wa shamba, wamekumbatiana wakalia. Umebaki wewe peke yako. Anasema moyo wake hautulii mpaka apate neno lako: nimekuwia radhi dunia na akhera. Sijui mlikoseana nini, maana tangu ulipotoka kwangu Ramisi hujakanyaga nyumba yangu, nami siku zote nimesema ni yale maradhi yako tu.

Nimempa Sanga chupa ya kombe. Baba Muhsina ameziandika aya mwenyewe kwa mkono wake, kwa zafarani safi, akaziosha kwa marashi. Kunywa asubuhi kabla hujala kitu, kwa ajili ya yule jini mahaba. Anakuombea sana.

Dada yako,
Kibibi


Taru,
14 Aprili 2025

Dada Kibibi, shikamoo.

Umeniuliza hujambo. Hebu lisikilize neno lenyewe: huna jambo? Watu hujibu sijambo bila kufikiri, nami miaka kumi na minne sijaweza. Nikiulizwa husema "nipo". Wateja wangu wa chai wamezoea, wanadhani ni maringo ya watu wa pwani.

Kombe sikulinywa. Aya za Mungu sikuzimwaga ovyo, nimezimwagia kwenye shina la mwarobaini nyuma ya hoteli yangu, pasipopita mguu wa mtu. Maneno hayana kosa. Ila sitii mdomoni kitu kilichotoka mkononi mwa mumeo, na chupa nimeivunja.

Unayaita maradhi yangu jini mahaba, kama mama anavyoyaita, kama alivyoyaita Mbarak siku aliyonipa talaka akisema mume hawezi kushindania mke na jini. Sawa. Mimi nitakuambia yalivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Tumbo la chini huniuma pasipokuwa na siku zangu. Mgongo hukaza nikashindwa kuinama kwenye jiko. Mtu akipita nyuma yangu ghafla moyo huenda mbio mpaka nikatafuta pa kukaa. Nimepimwa damu, mkojo, nimepigwa picha tumbo na mgongo. Vipimo vyote safi. Daktari mmoja Mombasa alicheka akaniambia nina afya kumshinda yeye. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikalia, kwa sababu mwili ule anaousifu yeye haukai ndani yake. Ninayekaa ndani yake ni mimi, na mimi nilikuwa mgonjwa.

Hapa jirani yangu ni Kamene, nesi wa dispensari, Mkamba mmoja asiyejua kuzunguka maneno. Wote walikuwa wakiniuliza panauma wapi. Yeye akaniuliza, "Hafswa, wachana na wapi. Hii mwili yako ilianza kukusumbua lini?" Nikahesabu kurudi nyuma, nikapita ndoa yangu, nikapita waganga wa mama, nikafika nyumbani kwako Ramisi nikasimama. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mzima wa kubeba ndoo mbili za maji kwa mara moja.

Sasa hii radhi. Mumeo ni mtu wa duka la jumla, na naona hata radhi anaichukua kwa magunia, Galu mpaka Vanga, pakia twende. Mimi ya kwangu siitoi kwa jumla. Naitoa rejareja. Aje na kosa moja, alitaje kwa jina lake, siku yake na mahali pake, mbele ya watu wale wale watakaomwitikia dua. Akishataja, ndipo nitakapoangalia kama lina radhi.

Msalimie Muhsina. Huyo sina neno naye.

Hafswa


Msambweni,
22 Aprili 2025

Hafswa,

Barua yako nimeisoma jikoni nikaunguza samaki. Mume wangu si duka, na wewe si wa kumpa masharti mtu anayekwenda nyumba ya Mungu. Hilo neno la rejareja umelitoa wapi? Mama angelisikia angeweka mikono kichwani.

Nimefikiri sana umekasirikia nini na nimelipata. Ni habari ya Mbarak. Ni kweli, Baba Muhsina ndiye aliyemweleza Mbarak kwamba una jini. Sikukuambia wakati ule kwa kuwa nilijua utachukia. Lakini alisema ni amana, mume ana haki ya kujua amelala na nini. Kama ndoa ilivunjika kwa hilo, hiyo ni kudura, na yeye nia yake ilikuwa njema.

Tena wewe unapaswa kumshukuru, kwa sababu lau si yeye tusingejua unaumwa nini. Hukumbuki, au hukuambiwa. Wiki ile ile ulipotoka kwangu Ramisi, kabla hujalalamikia hata kichwa, yeye ndiye aliyempigia mama simu. Alimwambia, "Mama, binti yako nimemwona ana dalili za jini mahaba. Akianza kusema maneno ya ajabu juu ya mwanamume yeyote, msimshangae wala msimpige. Si yeye anayesema, ni jini." Mama akaanza kuhangaika na waganga tangu hapo. Yule wa Vanga alithibitisha tu alichokwisha kukiona Baba Muhsina.

Huoni alivyokujali kabla ya sisi sote? Mtu wa namna hiyo hukatazwi kumkasirikia, lakini radhi humnyimi. Niandikie yale maneno tuyamalize. Nina wageni wa kuwatayarishia na kichwa kinanipasuka.

Kibibi


Taru,
27 Aprili 2025

Dada Kibibi,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako na nimeiweka mbele. Mengine yote katika barua hii hayana adabu, kwa hivyo ingia chumbani ufunge mlango.

Isome tena barua uliyoniandikia wewe mwenyewe. Kabla sijalalamikia hata kichwa, mumeo alikuwa amekwisha kujua naumwa nini. Alijuaje? Miaka yote hii nilidhani jini huyu nilipewa na mganga wa Vanga. Nilimchukia mzee wa watu bure. Leo ndiyo umeniambia jini ametoka wapi, na umenieleza kama mtu anayesimulia wema.

Mumeo Zahoro alinibaka. Nakuandikia neno kwa jina lake kwa sababu nimechoka kulivalisha nguo.

Ilikuwa Ijumaa, saa ya swala, nyumbani kwenu Ramisi, alipokuwa karani wa mizani ya miwa. Ulikuwa katika arubaini yako. Mama alinituma nije nikulee: nikufulie nepi, nikupikie uji wa pilipili manga, nikuchemshie maji ya kukandwa. Mkunga alikuwa amekufunga tumbo akaenda zake, nawe umejifungia chumbani na mtoto usipate upepo. Mimi nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo. Muhsina alikuwa akilia nawe ulikuwa ukimwimbia. Niliisikia sauti yako tangu mwanzo mpaka mwisho. Halafu yeye akatawadha, akavaa kofia, akakufuata chumbani kukuambia hotuba ya leo ilikuwa ndefu.

Majini ya watu huja usiku, ndotoni. Wangu alikuja mchana kweupe, siku ya Ijumaa, wenziwe wakiwa msikitini. Wangu ana kitambulisho. Sasa ana pasipoti pia, na viza ya Makka imegongwa ndani yake.

Nilikaa siku tatu zaidi kwa ajili yako kisha nikasema naumwa, nikaondoka. Nilifika kwa mama nimejitayarisha kusema. Nilipofungua tu mdomo, mama alinishika mabega akanitazama machoni akaanza kusoma Ayatul Kursi. Nikaona labda uso wangu umebadilika. Kumbe simu ilikuwa imetangulia. Nikanyamaza, na nilipojaribu tena nikafukizwa moshi mpaka nikatapika.

Nimechanjwa, dada. Nimefungwa hirizi kiunoni, nimeogeshwa bahari saba, nimechezewa ngoma watu wakila nyama ya mbuzi wa jini. Kila dawa niliyokunywa ilikuwa dawa ya uongo wake. Na linalonichoma kuliko yote ni kwamba niliamini. Mwili wangu ulikuwa ukisema kweli kila siku, tumbo lilisema, mgongo ulisema, na mimi nikaungana na watu kuuita mwongo. Ndiyo maana nikiulizwa afya yangu nasema mbovu hata vipimo viseme nini. Vipimo havikuwepo Ramisi.

Usiniambie nisamehe nipumzike. Sitaki kupumzika. Namtaka aanguke. Namtaka avae zile shuka mbili nyeupe na zimwashe. Namtaka asimame Arafa na mamilioni ya watu na akumbuke kwamba yuko mmoja, muuza chai wa Taru, aliyemshika kanzu kwa nyuma. Mimi nimeishi na jina alilonipa miaka kumi na minne, na yeye anataka nimpe jina la Alhaji.

Mwambie sentensi moja tu: Hafswa anataka utaje. Usimwonyeshe barua hii wala usimwambie kilichomo. Asipotaja siku ya dua nitashuka na mbuzi wa Sanga nije nitaje mwenyewe.

Kama huniamini, usinijibu.

Hafswa


Msambweni,
5 Mei 2025

Bismillahi.

Kwa shemeji yangu mheshimiwa, Bi Hafswa,

Baada ya salamu na kukutakia siha njema, Mama Muhsina amenifikishia neno lako kwamba unataka nitaje. Nitaje nini, shemeji? Binadamu hana idadi ya makosa yake. Ndiyo maana dini ikatupa radhi ya jumla, kwa tunayoyajua na tusiyoyajua.

Wewe ni mgonjwa, na mgonjwa hana lawama. Majini hugeuza sura. Hulichukua umbo la mtu wa karibu, baba, kaka, shemeji, ili kuvunja undugu. Hili limo vitabuni na waulize wanaosoma. Ukiniona mimi katika fikira zako, si mimi.

Nikuulize kwa upole. Ingekuwa ni mtu, Ijumaa ile si ungepiga ukelele? Dada yako alikuwa chumba cha pili. Hukupiga. Tafakari hilo na utapata jawabu.

Mfikirie Muhsina, ambaye kesho kutwa ni mtu wa kuposwa. Mfikirie mama yako na miguu yake. Ukija kwenye dua ukasema maneno, nakuambia kama ndugu, watu watakusikitikia, hawatakusikiliza. Watakushika wakusomee.

Mimi kwa upande wangu nimekwisha kukusamehe yote. Nisamehe nawe, tusafishe nyoyo.

Mja mwenye kuhitaji dua,
Zahoro


Taru,
8 Mei 2025

Kibibi,

Ndani ya bahasha hii imo barua ya mumeo. Ichukue, sitaki ilale nyumbani kwangu.

Nilikuambia usimwonyeshe. Nilikuambia mpe sentensi moja, nawe umempa barua nzima, ameisoma yote, ameijua Ijumaa na chumba cha pili, amekaa chini akajiandalia majibu. Nilikuwa na kisu kimoja tu duniani nikakupa unishikie, ukampelekea yeye.

Na amesema kweli. Nikija watanisikitikia. Wanawake watanishika mikono na mmoja ataleta ubani. Sitakuja. Tangu barua yake ifike mgongo umekaza, Kamene amenikanda jana na leo, nageuka kitandani kwa kushika ukuta. Mwambie jini wake hajambo.

Shikamoo niliyokuandikia mara ya mwisho ilikuwa ya mwisho.

Hafswa


Msambweni, kwa mama,
19 Mei 2025

Mdogo wangu,

Naandika kutoka kwa mama, na mimi na Muhsina tumo humu na masanduku yetu. Isome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Barua yako ya Aprili hakuiona. Nilipoimaliza niliikunja nikaitia ndani ya mto ninaoulalia nikaushona. Sikukujibu kwa sababu sikuwa najua niamini nini. Utanichukia kwa hilo na una haki. Nimelala na mtu huyu miaka kumi na saba, na wewe umeniambia kwa ukurasa mmoja. Nikampa ile sentensi yako kama ulivyotaka, mezani, nikimpakulia wali: Hafswa anataka utaje. Sikuongeza neno. Alicheka akasema nitamwandikia, nikamwacha; barua yake alinipa imefungwa, nikampa Sanga.

Halafu Sanga akaniletea bahasha yako, nikaisoma barua yake, nikafika pale aliposema Ijumaa ile. Hafswa, mimi sikumtajia Ijumaa. Sikumtajia chumba cha pili. Maneno hayo yalikuwa ndani ya mto, na uzi haukuwa umekatwa, nilikwenda kuutazama. Hakuyatoa kwako wala kwangu. Kilichobaki ni kwamba alikuwepo.

Nilikaa kitandani nikaikumbuka ile hotuba ndefu. Niliikumbuka kwa sababu siku ile nilimpa pole ya kukaa juani kwenye ua wa msikiti.

Sikumwambia kitu. Nilipika. Nilikodi sinia, nikaalika watu hata ambao yeye hakuwaalika, nikamwendea Sheikh Abdulwahab nyumbani kwake nikamwomba aje yeye mwenyewe asitume mtu. Nilitaka ua ujae. Nimejua kumbe hasira hufanya kazi vizuri sana jikoni, sijawahi kupika pilau ya namna ile.

Jumamosi watu wakajaa, wanaume uani chini ya turubai, sisi wanawake nyuma ya pazia la kanga. Dua ikasomwa. Zahoro akasimama na kanzu mpya, akashika kifua akasema, "Ndugu zangu, niwieni radhi kwa niliyowakosea kwa kujua na kwa kutojua." Wakamwitikia, radhi, radhi, kama kawaida. Mimi nikalivuta pazia.

Nikasema, "Sheikh, samahani, nina swali la dini. Kosa ambalo mtu amelifanya akijua, radhi hii ya jumla inalifuta?"

Sheikh Abdulwahab hakunitazama, alitazama chini kama ilivyo adabu yake. Akasema, "Haki ya mja, bibi, haifutiki mpaka mwenyewe aridhike. Na hawezi kuridhia asichotajiwa."

Nikasema, "Basi mdogo wangu Hafswa amesema radhi yake ni rejareja. Baba Muhsina ataje moja tu. Ijumaa ile, Ramisi, mimi nikiwa katika arubaini, wenziwe wako msikitini, alikuwa chumba gani na alikuwa akimfanya nini ndugu yangu?"

Alikuwa mwepesi, simnyimi. Alitikisa kichwa kwa huruma akawaambia watu, "Msameheni mke wangu. Huyu mdogo wake ana jini mahaba, anajulikana, maneno haya ni ya jini."

Nikaifungua barua yake nikaisoma. Yote, mpaka kwenye mja mwenye kuhitaji dua. Nilipofika Ijumaa ile si ungepiga ukelele, nikaisoma mara ya pili, pole pole, ili na wa nyuma wapate. Kisha nikasema, "Majini hayaandiki barua. Saini hii ni ya nani?"

Ndipo mama akainuka, na miguu yake ile. Sikumwambia kitu kabla, Wallahi, alikuwa akisikia kama wengine. Akapita pazia akatoka uani kwa wanaume, akamsimamia Zahoro mbele akamtazama kuanzia kofia mpaka makubadhi. Akasema, "Miaka kumi na minne nimekuwa nikilipia waganga wanionyeshe jini wa mwanangu. Leo nimemwona. Amevaa kanzu."

Sheikh Abdulwahab alivaa viatu vyake. Akaondoka, na wote wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga. Pilau imebaki kwenye sinia vile vile. Mzee wa Bodo aligeuka mlangoni akamwambia Zahoro, "Na ile radhi yangu, nirudishie." Nimekuandikia hili ucheke, ikiwa unaweza kucheka.

Ndege anapanda kesho. Anakwenda. Uwanja wa ndege hauulizi radhi, unauliza pasipoti. Lakini hakuna atakayemsindikiza, na kaswida waliyokuwa vijana wa madrasa wameiandaa haitaimbwa.

Barua yake ninayo mimi na sikurudishii. Ina tarehe na ina saini. Nimeuliza, na nimeambiwa kosa la namna hii halizeeki mbele ya sheria. Siku utakayokuwa tayari kwenda kituoni tutaipeleka wote wawili, na mimi nitasema ya hotuba ndefu.

Sikuombi radhi, maana nimeona jinsi inavyoombwa. Nitataja kosa langu moja: nilipewa habari ya simu ya mume wangu kuhusu ndugu yangu nami sikumuuliza ndugu yangu. Utaangalia mwenyewe kama lina radhi.

Mama anataka kusikia sauti yako. Analia halafu anakasirika halafu anatafuta miwani apige simu, na hajui nambari.

Dada yako,
Kibibi


Taru,
29 Juni 2025

Dada Kibibi, shikamoo.

Imenichukua muda kujibu. Niliisoma barua yako mara ya kwanza nimesimama, ya pili nimeketi, ya tatu nilimsomea Kamene. Yeye alipiga makofi pale kwa mama akasema, "Huyo mama yenu ni noma." Ni sifa, usiudhike.

Kosa lako nimeliangalia. Lina radhi. Nimekuwia, dunia na akhera, na sitaki ulitaje tena.

Lake halina. Nataka hili liwe wazi kabla watu hawajaanza kunijia na nasaha kwamba sasa ameaibika inatosha. Haitoshi. Aibu yake ina mwezi mmoja, yangu ilikaa miaka kumi na minne ikala na kulala nami. Jumatatu nafunga hoteli nashuka. Tutakwenda kituoni, wewe na barua, mimi na mwili wangu, na mara hii nitakapoulizwa panauma wapi nitajibu kwa kuanzia lini. Kamene ameniandikia jina la mtu wa kumwona pale hospitali, kwa sababu anasema huu mgongo una haki ya kutibiwa kwa ugonjwa wake wenyewe. Usidhani nimepona. Jana usiku tumbo liliuma kama kawaida. Nililala nalo, lakini sikulitafutia jini.

Mwambie mama azime spika, nitampigia leo magharibi. Akiniuliza hujambo, nitamwambia ninalo, ila sasa jambo lina mwenyewe.

Kuna moja la mwisho. Sanga amepita leo kupakia mbuzi wa harusi. Wajua yeye mambo yetu hayajui wala Zahoro hamjui, barua mlikuwa mkipeana sokoni na amezibeba tu kama anavyobeba mbuzi. Amekunywa chai akaanza kunipa habari za huko chini, biashara, bei za Ukunda, barabara. Kisha akasema, "Huko Msambweni, dada, kuna Haji mmoja amerudi juzi na tende zake, hakuna aliyekwenda kuzipokea. Nilikuwa na mzigo wa kushusha dukani kwake, nikauliza kwa Alhaji Zahoro ni wapi, watu wananitazama tu. Mpaka mzee mmoja akaniambia, sema Haji Rejareja, hata mtoto wa chuoni atakupeleka. Na kweli nimepelekwa. Mtu mwenyewe ana duka la jumla. Kwani alifanya nini?"

Nilimwambia sijui. Kisha nikacheka, dada. Nilicheka mpaka nikashika meza, chai ikamwagika, Sanga akasimama akidhani nimepatwa. Mbavu zimeniuma, na zinaniuma mpaka sasa nikiandika. Haya ndiyo maumivu ya kwanza mwilini mwangu ambayo sikuhitaji mtu yeyote kuniambia yametoka wapi.

Mdogo wako,
Hafswa